Wekeni Gundi Kando: Majengo Makuu ya Historia Juu ya Meza ya Nyumbani

Wazazi wengi wanaotaka kumfundisha mtoto historia ya majengo makuu huanza na picha: piramidi ya kupaka rangi, hekalu la karatasi la kukata na kubandika, video ya dakika tano. Mtoto hutoka hapo na majina. Ukimuuliza kwa nini nguzo za Parthenon, hekalu la kale huko Athens, zimesogeleana vile, au kwa nini chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu ni kirefu na chembamba kama ushoroba, hana la kusema, na kosa si lake. Hajawahi kuona jengo likifanya kazi. Jengo lina kazi ya kushusha uzito hadi ardhini, mchana na usiku, na kila umbo tunalolistaajabia limetokana na namna fundi alivyoishughulikia kazi hiyo.

Kinachoiharibu elimu hii nyumbani kuliko kitu kingine ni gundi. Nguzo iliyobandikwa husimama hata ikiwa imepinda. Tao lililobandikwa halisukumi pembeni, na kuba iliyobandikwa haipasuki ukingoni. Kila kitu kinasimama, na mtoto anakwenda kulala akiamini kwamba kusimama ni jambo la kawaida. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuondoa gundi, selotepu na udongo wa kunata mezani, isipokuwa pale ambapo jengo lenyewe lilimiminwa kwa kitu kinachoshika. Mfano wa namna hiyo upo, nao tutaufikia.

Sharti la pili ni kuanza na swali badala ya nchi au mfalme. Swali ni hili: nafasi iliyo wazi inafunikwaje? Kusimamisha ukuta hata mtoto wa miaka minne anaweza. Kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta bila kumwangukia aliye chini, hapo ndipo mafundi wa Misri, Ugiriki, Roma, Kilwa na Florence walipoumiza vichwa.

Anzeni na Pwani, kwa kuwa jibu lake linapimika kwa vitu vya jikoni. Fundi wa nyumba za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, alikuwa na matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, na boriti za mikoko. Mti wa mkoko ni mgumu na mchwa hauuwezi kirahisi, lakini boriti iliyobebeshwa paa zito la mawe na chokaa haikuweza kuvuka zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Urefu haukuwa na mpaka, maana unaweza kuendelea kupanga boriti moja baada ya nyingine mpaka kiwanja kiishe. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vimelala sambamba, kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba.

Kijiti cha mshikaki cha sentimita 30 ni boriti ya mita 3 kwa skeli ya 1 kwa 10. Panga vitabu katika marundo mawili yenye kimo sawa, kama sentimita 15, na uyaachanishe kwa sentimita 12. Laza kijiti juu yake, kisha tundika katikati kifuko chenye sukari ya gramu 200. Mtoto apime kwa rula umbali wa katikati ya kijiti kutoka mezani, kabla na baada ya mzigo. Kitashuka kama milimita 1 au 2. Sasa achanisha marundo hadi sentimita 24, kijiti kilekile, mzigo uleule. Kitashuka sentimita 1 au zaidi. Nafasi imeongezeka mara 2, kupinda kumeongezeka karibu mara 8, yaani 2 mara 2 mara 2. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuigundua hesabu hii mwenyewe ukimpa nafasi ya 12, 16, 20 na 24 na karatasi ya kuandikia.

Jaribio hili huharibika kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kubadilisha vijiti katikati ya kazi: vya mianzi havilingani unene, na tofauti ndogo ya unene huleta tofauti kubwa ya kupinda. Ya pili ni kijiti kuchomoka kwenye vitabu kinapopinda, kwa hiyo bakiza angalau sentimita 2 kila upande. Ya tatu ni papara ya mzazi. Mtoto akitaka kuongeza mzigo hadi kijiti kivunjike, mwache. Kabla ya kuvunjika kitalia na kuinama, na hilo la kuinama kwanza ana haja nalo katika hatua inayofuata.

Chukueni chaki ya ubaoni, muilaze juu ya viberiti viwili, mbonyeze katikati kwa kidole. Haiinami. Inakatika ghafla bila onyo. Hiyo ndiyo tabia ya jiwe. Ili kuona sababu, tafuta kipande cha godoro la sponji, urefu wa sentimita 30 na unene wa 6, uchore ubavuni mistari ya wima kila baada ya sentimita 2. Kiweke juu ya vikombe viwili na ubonyeze katikati. Upande wa juu mistari inabanana, upande wa chini inaachana. Yaani kila kitu kinacholala juu ya nafasi iliyo wazi hubanwa juu na kuvutwa chini. Jiwe hustahimili sana kubanwa na halistahimili kuvutwa, hivyo ufa wake huanzia chini. Kipande hiki cha godoro kihifadhiwe. Kati ya vifaa vyote vitakavyotajwa hapa, hakuna kinachofundisha mengi kwa gharama ndogo hivyo.

Sasa Parthenon inasomeka. Ilijengwa kati ya 447 na 432 KK, nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, na uwazi kati ya nguzo na nguzo ni kama mita 2.4. Mafundi wake walikuwa na marumaru nzuri kuliko zote, na bado hawakuthubutu kufungua zaidi. Mwonyeshe mtoto namba hizi mbili pamoja: mita 2.4 za Athens na mita 2.5 hadi 3 za Lamu. Zinakaribiana, ingawa sababu zake hazifanani. Marumaru huogopa kupasuka chini, boriti huogopa kuinama. Ulinganisho huu pekee unastahili mchana mzima wa Jumamosi.

Ipo njia ya zamani ya kulikwepa tatizo hili: kila tabaka la mawe lichomoze kidogo kuliko lililo chini yake, mpaka pande mbili zikutane. Ukumbi Mkubwa ulio ndani ya Piramidi ya Khufu umefunikwa hivyo, matabaka 7 yakisogea ndani hatua kwa hatua. Nyumbani tumia miche 5 ya sabuni ya kufulia iliyokatwa kwa urefu sawa, tuseme sentimita 20, na upange rundo lake ukingoni mwa meza. Mche wa juu kabisa uchomoze sentimita 10 kuliko ulio chini yake, wa pili 5, wa tatu kama 3.3, wa nne 2.5, na wa mwisho utoke 2 nje ya meza. Jumla ni karibu sentimita 22.8, ikimaanisha kwamba mche wa juu wote umening'inia hewani, nje ya meza. Kwa namba hizo kamili rundo liko kwenye mpaka wa kuanguka, kwa hiyo punguza milimita 2 au 3 kila hatua. Watoto wengi huanzia chini na kuchomoza sana mapema. Hesabu yake hufanywa kutoka juu kwenda chini, kwani kila mche unabeba yote iliyo juu yake.

Kisha tao. Hapa msiwe na haraka, maana ndipo watu wengi hukimbilia gundi.

Kwenye boksi chora nusu duara mbili zenye kitovu kimoja, moja ya sentimita 8 kutoka kitovuni na nyingine ya 13. Kwa kipimapembe gawa eneo lililo kati yake katika vipande 9 vya nyuzi 20 kila kimoja. Kila kipande kitakuwa na upande mwembamba wa karibu sentimita 2.8 na upande mpana wa karibu 4.5. Kata kimoja kama kigezo. Kwa kigezo hicho kata vipande 9 vya sabuni, ukigeuza kigezo juu chini kila mara ili usipoteze sabuni. Kata kwa uzi wa nailoni uliofungwa vijiti viwili vya kushikia: hukata sabuni mbichi kwa unyoofu kuliko kisu, na vidole vya mtoto vinasalimika. Viache vikauke siku 2, kisha visuguliwe kwenye msasa hadi nyuso zilale vizuri zinapokutana.

Tao haliwezi kujisimamia kabla ya kipande cha kileleni kuingia. Hivyo tengeneza kishikizo: nusu duara mbili za boksi zenye nusu kipenyo cha sentimita 8, zilizounganishwa kwa ukanda wa manila upana wa sentimita 5. Kishikizo hiki kinaruhusiwa gundi, kwa sababu kitaondolewa. Kiweke juu ya viberiti viwili vilivyolazwa, na miguu ya tao pia ianze juu ya vitabu vyenye kimo cha kiberiti. Panga vipande kutoka pande zote mbili kwa pamoja, kimoja kushoto kimoja kulia, na cha kileleni kiwe cha mwisho. Weka mifuko miwili ya sukari ya kilo 2 ikigusa miguu kwa nje. Sasa mtoto avute viberiti polepole. Kishikizo kinashuka, na tao linabaki. Mafundi wa matao ya mawe walifanya vilevile, wakilegeza kabari zilizo chini ya mbao za kushikilia kidogokidogo ili mawe yatulie.

Tao likishasimama, ondoa mifuko ya sukari na ubonyeze kileleni kwa kidole. Miguu inakimbilia nje. Hili ndilo deni la tao: limeokoa jiwe lisivutwe, kwa kuwa sasa kila kipande kinabanwa tu, lakini linadai msukumo wa pembeni ulipiwe na kitu kingine. Wale wasio na sabuni waulipie kwa miili yao. Watoto wawili wasimame wakitazamana, waegemeane kwa viganja, kisha warudishe miguu nyuma hatua moja. Wakiwa na soksi kwenye sakafu laini wataanza kuteleza, na mtoto wa tatu akikaa chini na kuweka miguu yake nyuma ya visigino vya mmoja, amekuwa nguzo ya kuegemea, ile inayozuia ukuta wa kanisa kuu la Ufaransa usisukumwe nje.

Tao likianguka kishikizo kinapotoka, kosa huwa kwenye nyuso: vipande vinagusana kwa ncha tu. Likianguka ingawa nyuso ni safi, angalia unene. Tao la nusu duara linalobeba uzito wake mwenyewe tu linahitaji unene unaozidi kidogo sehemu moja ya kumi ya nusu kipenyo chake. Letu lina unene wa sentimita 5, ni jeuri kabisa. Lingekuwa la nusu sentimita kwa ukubwa huohuo lisingesimama hata likatwe na fundi gani.

Ukijenga matao mawili yakichangia mguu wa kati, utaona mguu huo hauhitaji mfuko. Matao jirani yanasukumana na kumalizana yenyewe, na mifuko inatakiwa mwishoni tu. Hapo fungua mchoro wa sakafu wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11. Katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye mji wake msafiri Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, msikiti ulipanuliwa kwa kuba na paa za matao. Nguzo ni nyingi na zimekaribiana, na kila kuba ina jirani yake wa kusukumana naye. Mtoto aliyejenga matao mawili ya sabuni anauelewa mchoro huo kwa kuutazama tu. Mchoro wa sakafu, na hasa mchoro wa mkato unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa katikati kama papai, una thamani kuliko picha kumi za mbele ya jengo. Picha ya mbele huonyesha uso. Ukuta una unene gani, na paa limekaa juu ya nini, haisemi.

Ni umbo gani la tao lililo bora? Jibu linaning'inia shingoni mwa mtu. Mwaka 1675 Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza kwamba umbo la cheni inayoning'inia, likigeuzwa juu chini, ndilo umbo la tao linalosimama. Cheni huvutwa tu, haijui kubanwa. Ukiigeuza, kila kuvutwa kunakuwa kubanwa. Bandika manila ukutani, shika ncha mbili za cheni ya chuma mbele yake, fuatisha umbo kwa penseli, kisha geuza karatasi. Usitumie uzi: ni mwepesi na hubaki na mikunjo yake. Antoni Gaudí alitumia miaka kama kumi akisanifu kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona kwa kamba zilizotundikwa vifuko vya risasi, kisha akaugeuza mfano wake juu chini kwa picha. Mtoto akitundika karanga mbili mahali pamoja kwenye cheni, umbo linabadilika palepale. Amegundua kwamba tao hufuata mzigo wake.

Kuna jambo jingine ndani ya cheni ambalo hupitwa. Mtoto ashike ncha mbili, cheni ikiwa imelegea sana, kisha atanue mikono taratibu. Kadiri inavyonyooka ndivyo mikono inavyovutwa kwa nguvu zaidi. Igeuze fikra: tao au kuba iliyolala husukuma pembeni kwa nguvu kuliko iliyoinuka. Hiyo ndiyo hadithi ya kanisa kuu la Hagia Sophia, iliyojengwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, kati ya 532 na 537 na Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus. Kuba yake ya kwanza, yenye upana wa karibu mita 31, ilikuwa imelala. Matetemeko ya ardhi yakaitikisa, na mwaka 558 ikaporomoka. Isidore Mdogo aliyeijenga upya, kazi iliyokamilika 562, aliinua kimo chake kwa karibu mita 6. Mtoto mwenye cheni mkononi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Tumefika kwenye kuba, na kwenye ruhusa ya gundi. Pantheon, hekalu la kale la Roma, iliyokamilika karibu na mwaka 126 BK wakati wa Kaizari Hadrian, ina kuba ya zege lisilo na nondo, upana wa mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kileleni ni hichohicho. Tufe zima linaenea ndani yake. Kwa bahati nzuri mpira wa miguu wa namba 5 una kipenyo cha karibu sentimita 22, kwa hiyo ni tufe la Pantheon kwa skeli ya 1 kwa 200. Zege humiminwa na kushikana, hivyo gundi ya unga wa ngano hapa ni ya haki.

Funika nusu ya juu ya mpira kwa mfuko wa plastiki. Pika gundi kwa kikombe 1 cha unga na vikombe 4 vya maji hadi iwe kama uji mwepesi, iache ipoe. Chana gazeti katika vipande vya upana wa sentimita 2. Ukingoni weka matabaka 8, katikati 5, karibu na kilele 2, kwa sababu kuba halisi ina unene wa karibu mita 6 chini na kama mita 1.2 tu juu. Warumi pia walibadilisha kokoto: chini mawe mazito, juu mawe mepesi ya volkano. Acha kileleni tundu la sentimita 4.5, ambalo kwa ukubwa halisi ni karibu mita 9. Kausha siku 2 kivulini. Ikitolewa mapema hutambaa na kuwa sahani. Ikianikwa kwenye jua kali hujikunja ukingo. Kuitoa, toa upepo wa mpira kwa sindano yake badala ya kuvuta. Ukuta ni mviringo wa boksi wa kipenyo cha sentimita 22 na kimo cha 11, yaani nusu ya kimo chote. Toboa mlango, peleka jengo uani saa mbili asubuhi, na tena saa sita mchana. Duara la mwanga linatembea ukutani na sakafuni, kama linavyotembea Roma.

Halafu kata chungwa katikati, toa nyama yote kwa kijiko bila kuchana ganda, ulaze ganda mezani na ulibonyeze juu kwa kiganja. Ukingo unapasuka kuelekea juu. Pantheon yenyewe ina nyufa za namna hiyo, na bado imesimama kwa sababu ya uzito na unene wa chini. Chukua ganda jingine, lizungushie raba bendi ukingoni, bonyeza tena: linastahimili zaidi. Filippo Brunelleschi aliweka mikanda ya mawe, chuma na mbao ndani ya kuba ya kanisa kuu la Florence, Italia, aliyoijenga kati ya 1420 na 1436. Uwazi wake ulikuwa wa karibu mita 45, mno kwa mbao za kushikilia kutoka chini, kwa hiyo alipanga matofali kwa mtindo wa mifupa ya samaki ili kila duara lijishike lenyewe kabla chokaa haijakauka. Zaidi ya miaka 300 baadaye, kuba ya Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma ilipopasuka, mwanahisabati Giovanni Poleni aliichunguza kwa cheni iliyotundikwa uzito, na ikafungwa mikanda mipya ya chuma katika miaka ya 1740. Cheni ya mtoto na raba bendi ya chungwa zimekutana kwenye jengo moja.

Si kila jengo kuu lilipigana na swali la paa. Makanisa 11 ya Lalibela, Ethiopia, yalichongwa kutoka mwamba mmoja kwenda chini, na Bet Giyorgis ni kama mita 12 kila upande. Kipande cha sabuni cha sentimita 6 kinatosha kulichonga kwa kijiko na kijiti, kuanzia juu, umbo la msalaba kwanza. Kilichokatwa hakirudi, na mtoto hujifunza kupanga kabla ya kugusa. Zimbabwe Kuu ni kuta tupu za mawe yaliyopangwa bila chokaa, zinazofikia mita 11. Changarawe bapa za mtoni zitamwonyesha kwa nini kuta hizo ni pana chini na huegemea ndani zikipanda.

Ukubwa na wakati vinahitaji chombo chake, kwa kuwa picha kitabuni huyafanya majengo yote yawe na kimo kimoja. Chagueni skeli moja, sentimita 1 kwa mita 1, na msiibadilishe kamwe. Kwa chaki sakafuni, Piramidi ya Khufu, kama ilivyokuwa ilipokamilika, ina kimo cha mita 1 na sentimita 47 na kitako cha mita 2.3. Kuta za Zimbabwe Kuu ni sentimita 11. Upana wa chumba cha Lamu ni sentimita 3, na mtoto mwenyewe ni kama sentimita 1.3. Burj Khalifa ya Dubai itavuka uani: mita 8.28.

Kwa wakati, tumieni kamba ya kuanikia nguo na vibanio, mita 1 kwa miaka 1,000, leo ikiwa ncha moja. Piramidi ya Khufu inakaa karibu mita 4.6 kutoka leo, Parthenon karibu 2.5, Pantheon 1.9, Hagia Sophia 1.5. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, uko kwenye sentimita 92, kuba ya Florence kwenye 59, na Beit el Ajaib ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, kwenye 14 tu. Muombe mtoto apime kutoka piramidi hadi Pantheon. Ni karibu mita 2.7, ndefu kuliko kutoka Pantheon hadi leo. Kwa wajenzi wa Pantheon, piramidi ilikuwa ya kale kuliko wao walivyo wa kale kwetu.

Kwenye kamba hiyo wekeni vibanio vya rangi tofauti kwa majengo yaliyoanguka, yasifichwe. Kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, lililoinua paa lake la mawe hadi mita 48, liliporomoka sehemu mwaka 1284. Piramidi Iliyopinda ya Farao Sneferu huko Dahshur ilianza kwa mwinuko wa karibu nyuzi 54, ikapunguzwa hadi 43 katikati ya kazi, na badiliko hilo linaonekana mpaka leo. Beit el Ajaib iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Kwa kila kibanio swali liwe moja: nini kilivutwa, nini kilisukumwa, na nani aliacha kukishikilia?

Kuhusu umri: watoto wa miaka 5 hadi 7 wapeni godoro, chungwa, kuegemeana na chaki ya sakafuni. Tao la sabuni na hesabu ya vijiti vinafaa kuanzia miaka 9 hivi. Jengo moja kwa wiki mbili linatosha. Video zije baada ya kujenga. Zikitangulia, mtoto huiga kile alichokiona, na jaribio lote linakuwa maigizo.

Halafu mtoe nje, hadi kwenye ghorofa linalojengwa jirani, msimame mbali na eneo la kazi. Slabu ya zege inavuka mita 5 bila nguzo katikati, karibu mara mbili ya uwazi wa nguzo za Parthenon na wa chumba cha Lamu. Mkirudi, chukueni lile godoro lenye mistari, muulizeni nondo ziwekwe wapi. Ataonyesha chini, pale mistari inapoachana. Kisha lisogezeni godoro litokeze nje ya meza kama roshani, upande mmoja ushikwe kwa nguvu, ncha iliyo hewani ibonyezwe, na mwulizeni tena.